Mlango Unaanzia Barabarani: Makazi ya Wanafunzi Yanayofikika Ndani ya Kampala

Mlango wa bafu ulikuwa na upana wa sentimita 60. Kiti mwendo cha jirani yangu kilikuwa na upana wa sentimita 66. Kwa sababu ya sentimita hizo sita, kila asubuhi kwa mihula miwili alishuka kwenye kiti chake, akahamia kwenye kiti cha plastiki kilichokatwa miguu, kisha akavutwa hadi ndani. Mlango wenyewe ulifungukia ndani, kwa hiyo kiti kikishaingia haukufungika tena. Rafiki yake alisimama nje ameshika khanga kwa mikono miwili, na khanga ile ndiyo ikawa mlango.

Hosteli hiyo iko upande wa Kansanga, mjini Kampala. Sitaitaja, kwa kuwa haikuwa hosteli mbaya. Maji yalitoka, getini alikuwepo askari usiku kucha, na mwenye nyumba, mama wa makamo, alimpa binti yule chumba cha chini bila kumwongezea hata shilingi. "Mwanangu, nimekupa cha chini usihangaike na ngazi," alimwambia siku anahamia, na alisema kwa moyo. Mimi nachora ramani za majengo. Nilisomea Kampala na sijaondoka. Tangu siku zile swali moja halijaniacha: mtu mwenye nia njema kama yule mama alikosea wapi hadi akakosa sentimita sita?

Nalieleza jambo hili kwa Kiswahili kwa sababu wanaohusika ni wengi miongoni mwetu. Ukipita Kansanga na Kabalagala jioni utasikia Kiswahili cha Mwanza, cha Kisii, cha Bukavu, na kile cha Waganda waliokulia kwenye kambi za jeshi. Wazazi hunipigia simu kutoka ng'ambo ya mpaka wakiuliza hosteli gani nzuri. Huuliza bei, usalama, na umbali wa kwenda chuoni. Hata wale ambao mtoto wao anatembelea magongo huuliza tu kama kuna chumba cha chini.

Kufikika kwa makazi kuna sura tatu. Kuna kufikika kwa mfuko: mwanafunzi wa kawaida aweze kulipa. Kuna kufikika kwa mwili: anayetumia kiti mwendo, asiyeona, kiziwi, aliyevunjika mguu mwezi uliopita, wote waingie, waoge, wapike na walale bila kuomba msaada kila hatua. Na kuna kufikika kwa njia: makazi yawe mahali ambapo mtu anaweza kutoka na kufika darasani, sokoni na zahanati. Wajenzi wengi huyachukua haya kama madeni matatu tofauti. Hulipa moja na kuahirisha mengine. Kumbe ni kamba tatu zilizopiga fundo moja, ukivuta hii, zile zinakaza.

Kampala ni mji wa vilima. Chuo Kikuu cha Makerere kiko juu ya kilima chake na kile cha Kyambogo juu ya chake. Kodi nafuu iko mabondeni, Bwaise, Kalerwe, Katanga, na mabonde hayo hujaa maji mvua za Machi hadi Mei zinaposhika, kisha hujaa tena kwenye za Septemba hadi Novemba. Kwa hiyo chumba cha chini bondeni, ambacho ndicho anachotafutiwa mwenye ulemavu, ndicho cha kwanza kuingiwa na maji. Halafu kuna boda. Muhula wa wiki 17, siku tano kwa wiki, kwenda na kurudi, ni safari 170. Piga hesabu ya nauli ya kupanda kilima mara hizo zote, kisha uniambie kama chumba kile kilikuwa cha bei nafuu. Na kuna wasioweza kabisa kukaa nyuma ya pikipiki. Hao hukodi teksi nzima, na kondakta wa matatu akikubali kuwabeba hudai nauli ya pili kwa ajili ya kiti.

Ili kujua kwa nini hosteli zetu zimekaa zilivyo, turudi nyuma kidogo. Makerere ilianza mwaka 1922, na kwa miongo mingi mwanafunzi wa chuo alikuwa mtu wa bweni: Lumumba, Mary Stuart, Livingstone, Nkrumah, Mitchell na mengineyo. Serikali ilimlipia, akalala ndani ya uzio wa chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ikafunguliwa kwa wanaojilipia wenyewe, na idadi ikapanda kuliko vitanda. Wenye vipande vya ardhi jirani wakajenga. Kikoni, Wandegeya na Nakulabye zikawa mabweni ya Makerere yasiyo ya Makerere. Banda na Kireka zikawapokea wa Kyambogo. Kampala International University ilipoanza mwaka 2001, Kansanga nayo ikabadilika mtaa kwa mtaa. Hakuna aliyekaa chini akapanga. Kila mtu alijenga kwenye kiwanja chake kwa hesabu zake.

Hesabu hizo si za uchoyo, na tukimlaumu tu mwenye nyumba hatutafika popote. Mihula miwili ya wiki 17 ni wiki 34. Mwaka una wiki 52. Wiki 18 zilizobaki vyumba vingi ni vitupu, lakini mkopo wa benki hauendi likizo, na riba yake huzidi asilimia 15 kwa mwaka. Ndiyo maana korido inakuwa ya sentimita 90, mlango wa chumba 70, wa bafu 60. Kila sentimita iliyobanwa inatafuta kitanda kimoja zaidi.

Upande wa mwanafunzi nako kuna pengo ambalo huniumiza. Uganda ina mpango wa serikali wa mikopo ya elimu ya juu, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo wake unalipa ada ya masomo, ada za uendeshaji na za utafiti, na kwa wanafunzi wenye ulemavu unalipia pia vifaa vya kujimudu. Malazi haulipii. Maana yake mkopo unaweza kumnunulia mtu kiti mwendo, lakini hauwezi kumlipia chumba ambacho kiti hicho kinaingia.

Hesabu ya mteremko

Watu wakisikia "jengo linalofikika" wanafikiria rampu, yaani ile njia ya mteremko badala ya ngazi. Sasa tuipime, maana hapa ndipo mazungumzo mengi huishia kwenye kulaumiana bila mtu kuchukua futi kamba.

Kiwango kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kupanda sentimita moja unahitaji urefu wa sentimita 12. Ghorofa moja ina kimo cha mita 3 hivi. Tatu mara 12 ni mita 36. Lakini hakuna anayejisukuma mita 36 mfululizo. Kila baada ya mita 9 anahitaji mahali tambarare pa kupumulia, urefu wa mita moja na nusu. Vipande vinne vya mita 9 na vituo vitatu katikati yake vinafanya mita 40 na nusu, kwa ghorofa moja tu. Kiwanja cha kawaida mjini Kampala ni kile cha futi 50 kwa 100, karibu mita 15 kwa 30. Rampu ni ndefu kuliko kiwanja.

Unaweza kuikunja irudi juu yake. Ukifanya hivyo inakula eneo la mita 20 kwa 3, sawa na mita za mraba 60. Chumba cha vitanda viwili kina kama mita za mraba 12, kwa hiyo kila ghorofa unayotaka ifikike kwa rampu inammezea mwenye nyumba vyumba vitano. Ndipo unaona kwa nini anajenga karampu kafupi mbele ya mlango mkuu, kamesimama kama paa, ili mkaguzi akione. Nimepima zenye mteremko wa 1 kwa 4. Hizo zinafaa kuteremshia mifuko ya saruji.

Lifti? Lifti inataka umeme, umeme ukikatika inataka jenereta, na jenereta inataka mafuta. Gharama hizo hugawanywa kwa wapangaji wote, na hapo kamba ya mfuko inakaza. Zaidi ya hapo, fikiria binti wa kiti mwendo aliye ghorofa ya nne, saa mbili asubuhi, siku ya mtihani, stima imepotea. Jengo linalomtegemeza mtu kwenye lifti peke yake linamweka kifungoni mara kwa mara.

Lakini kilima hicho hicho kinachotutesa kina dawa, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayejenga hosteli Kampala alisikie. Chukua kiwanja chenye mteremko wa 1 kwa 10, ambao kwa Kampala ni mteremko wa kawaida kabisa. Kutoka mwanzo wa kiwanja hadi mwisho wake, futi 100, ardhi inashuka futi 10. Futi 10 ni kimo cha ghorofa moja.

Desturi yetu ni kuleta buldoza, kukata kilima, kusawazisha, na kujenga ukuta mnene wa kuzuia udongo nyuma. Tunalipa fedha nyingi kuiondoa zawadi. Jengo likilazwa juu ya mteremko bila kuusawazisha, anayetoka barabara ya chini anaingia ghorofa ya kwanza moja kwa moja, na anayetoka barabara ya juu anavuka daraja fupi la zege, urefu wa mita mbili tatu, na kuingia ghorofa ya pili bila kupanda hata ngazi moja. Katika jengo la ghorofa nne, nusu ya vyumba vyote inafikika bila lifti, bila ile rampu ya mita 40, bila umeme. Na nusu ya jengo ni idadi ya kutosha kabisa: mwenye ulemavu anachagua chumba kama mwenzake anavyochagua, anakaa ghorofa moja na rafiki zake, na siyo kuwekwa kwenye kale kachumba kamoja karibu na choo cha askari.

Sharti ni moja, nalo ni gumu: kiwanja kiwe na njia pande zote mbili. Viwanja vyetu vingi vina barabara mbele tu. Nyuma kuna ukuta wa jirani, na jirani ana mbwa, ana jiko la mkaa, ana vyumba vyake vya kupangisha. Kalamu ya msanifu inaishia kwenye ule ukuta. Kuanzia hapo linakuwa suala la ardhi na la watu.

Ardhi, jirani na ushirika

Sehemu kubwa ya ardhi ya Kampala ni ya mailo, mfumo uliozaliwa na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, jina lake likitokana na zile maili za mraba zilizogawanywa. Juu ya ardhi hiyo wanaishi watu wa kibanja: hawana hati, ila wana haki ya kukaa, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inawalinda. Kwa hiyo kipande kimoja cha ardhi mara nyingi kina watu wawili wanaokidai, mmoja kwa karatasi na mwingine kwa maisha aliyoishi pale. Mjenzi wa hosteli wa kawaida humfidia wa kibanja aondoke. Anayeondoka, kwa kawaida, ni yule yule mama aliyekuwa akiwauzia wanafunzi chapati na mayai na kuwalindia funguo.

Makazi ya jamii, yaani yanayojengwa na kuendeshwa kwa ushirika, yanakwenda njia nyingine. Mwenye hati hauzi. Anaikodisha ardhi yake kwa chama, tuseme kwa miaka 49, muda ambao mikataba mingi ya ardhi hapa hutumia. Mwenye kibanja haondoki. Anapata nyumba yake ndani ya jengo, kwa hati ya sehemu, jambo ambalo sheria ya mwaka 2001 ya umiliki wa sehemu za majengo inaliruhusu. Jirani wa nyuma anaingia kwa kutoa njia ya mita moja na sentimita 80 pembeni mwa ukuta wake, upana wa kutosha kiti mwendo kipishane na mtu aliyebeba madumu mawili ya maji, na yeye anapata sehemu yake ya mapato na njia yenye taa mbele ya nyumba yake. Ghafla kiwanja kina barabara pande mbili. Kile ambacho rampu ya mamilioni ingekifanya kwa shida, makubaliano ya majirani watatu yamekifanya.

Najua anayesoma anatikisa kichwa: majirani watatu wa Kampala wakubaliane kuhusu ukuta? Ni kazi. Ni vikao vingi kwa mwenyekiti wa LC One, yaani baraza la mtaa, chai nyingi, na mpimaji ardhi anayeaminiwa na pande zote. Lakini ushirika si mgeni hapa. Bugisu Cooperative Union iliwaunganisha wakulima wa kahawa wa Mlima Elgon tangu mwaka 1954, na leo ni nadra kukutana na mwalimu au dereva wa boda asiye na SACCO. Watu wanaoweza kukopeshana fedha wanaweza kugawana njia.

Kwingineko wanafunzi wenyewe wameuendesha ushirika wa makazi. Huko Berkeley, Marekani, walianza mwaka 1933 katikati ya mdororo wa uchumi, wakipunguza kodi kwa kupika na kusafisha wenyewe. Edinburgh, Scotland, walifungua wa kwao mwaka 2014, wanachama 106 kwenye jengo walilolikodi likiwa limesimama tayari. Wanachama ndio wapangaji na ndio wenye kuamua. Taa ya korido ikiungua hawamwandikii mtu barua.

Ugumu wa kweli ni kwamba mwanafunzi ni mpita njia. Anakaa miaka mitatu au minne akaenda zake, na hawezi kubeba mkopo wa miaka ishirini. Kwa hiyo ushirika wa wanafunzi peke yao hautafaa kwa jengo jipya Kampala. Unafaa ushirika wa mchanganyiko: mwenye ardhi, wa kibanja, wahitimu waliowahi kuishi pale, na wanafunzi, ambao nafasi yao kwenye kamati haifungwi kwa jina la mtu bali kwa ghorofa, ili kila anayehamia airithi. Nafasi mbili ziwe za wakazi wenye ulemavu, na zianze kabla ramani haijachorwa. Kama binti yule angekuwa mezani siku mlango wa bafu unapangiwa upana, angesema "66" na jambo lingeisha pale pale. Mgeni kutoka Tanzania au Kenya hawezi kumiliki ardhi ya mailo, sheria inampa ukodishaji tu usiozidi miaka 99, ila hilo halimzuii mzazi wa Mwanza kununua hisa kwenye chama kinachokubali wanachama wa nje na kumwekea mwanawe chumba.

Mchanganyiko huo unaponya pia lile jeraha la wiki 18. Jengo lenye familia mbili tatu za kudumu, wauguzi wa hospitali ya Mulago wanaopanga kwa mwaka, na duka au saluni upande wa barabara, halikauki mapato mwezi wa Julai. Mapato yakiwa ya mwaka mzima, hakuna haja ya kubana mlango uwe sentimita 60.

Na liwe na baraza. Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa. Benchi la zege la kimo cha sentimita 45 ukutani mwa upande wa barabara, lenye paa juu, likiachwa pengo la sentimita 90 katikati ili mwenye kiti mwendo akae ndani ya mstari na wenzake, asibaki mbele yao kama mgeni anayehojiwa. Baraza ikiwa na watu, usalama wa nyumba unalindwa na macho ya muuza chapati na wanafunzi wanaosubiri mvua ipite. Hosteli zetu nyingi zina ukuta mrefu na nyaya za wembe, na mtu akianguka nje ya geti hakuna anayemwona.

Mambo madogo yanayoumiza

Ndani ya jengo sitaeleza kila kitu. Viwango vipo na fundi mzuri anaweza kuvifuata. Ila kuna mambo ambayo hayaonekani hadi uishi na mtu anayeumizwa nayo.

Madirisha, kwa mfano. Yale ya chuma yanayofungukia nje, yanayopendwa kwa kuwa ni rahisi, yakiwekwa kwenye korido, kona yake inakaa sawasawa na paji la uso. Fimbo nyeupe inagusa chini. Haiwezi kumwambia asiyeona kwamba juu kuna ncha ya chuma. Nina rafiki ambaye kovu lake la paji la uso lina umbo la kona ya dirisha. Dirisha la kusukuma pembeni linamaliza tatizo. Ni hivyo hivyo kwa visanduku vya mita za Yaka, ambazo wasomaji wa Dar wataziita luku: vikining'inia ukutani bila kitu chini yake, ni mtego.

Mitaro nje ya geti ifunikwe, na ifunikwe kwa mabamba ya zege, kwa maana mifuniko ya chuma huibwa ikauzwa kama chuma chakavu na kuacha shimo lisilo na onyo. Ukingo wa kila ngazi upakwe mstari wa rangi ya njano. Kopo moja la rangi linatosha jengo zima na linamsaidia kila mtu umeme ukikatika.

Kwa viziwi tunasahau zaidi. Katiba ya Uganda ya 1995 ilikuwa miongoni mwa za mapema duniani kuitaja lugha ya alama, na Kyambogo inafundisha wakalimani wake. Lakini chumba cha kiziwi hakina namna ya kujua kwamba mtu anabisha hodi. Swichi nje ya mlango inayowasha taa ndani ya chumba, waya wa mita tatu na kazi ya nusu saa. King'ora cha moto vilevile kiwe na taa inayomulika, ndani ya chumba na ndani ya bafu.

Moto ndio unaonitisha kuliko yote. Oktoba 2022, moto katika shule ya wasioona huko Mukono uliua watu 11, wengi wao watoto. Tangu hapo siwezi kuona nondo za madirishani bila kuuliza ni ipi inafunguka kwa ndani. Kila chumba kiwe na angalau wavu mmoja wenye bawaba na komeo lisilohitaji ufunguo. Na yule anayetumia kiti mwendo awe na njia ya kutoka isiyo na ngazi. Hapo tena lile jengo lililolazwa kilimani linajibu: ghorofa ya kwanza inatokea chini, ya pili inatokea juu.

Kuhusu gharama, kuna uongo mmoja unaorudiwa sana, kwamba haya yote ni anasa. Mlango wa sentimita 90 unapojengwa mwanzoni unapunguza matofali, hauongezi. Kuupanua baadaye ndiko ghali, kwa kuwa lazima ubomoe ukuta na kubadilisha linta iliyobeba mzigo wa juu. Kizingiti kisichowekwa hakigharimu kitu. Kinachogharimu ni kusahau.

Sheria nazo zipo. Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Ibara ya 35 ya Katiba inawapa haki ya heshima na utu. Ikaja Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, kanuni za viwango vya kufikika za 2019, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Pengo liko kati ya ramani na jengo. Ramani hupitishwa ikiwa na rampu nzuri, kisha fundi anajenga anavyojua, na siku ya kutoa kibali cha kukalia jengo hakuna anayeshika futi kamba. Vyuo vingeweza kuziba pengo hilo kesho bila kusubiri mtu. Tayari wanafunzi wapya huuliza ofisi ya malezi hosteli zipi zinafaa. Ofisi ikiandika mbele ya kila jina vipimo vitano tu, upana wa geti, wa mlango wa chumba, wa mlango wa bafu, kimo cha kizingiti na mteremko wa rampu, wenye hosteli wangeanza kushindana kwa sentimita kama wanavyoshindana kwa intaneti ya bure.

Yule mama wa Kansanga, nilipomwonyesha hesabu ya 60 na 66 kwenye futi kamba, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mbona hamkuniambia?" Wiki iliyofuata alileta fundi. Walibomoa ubavu wa ukuta, wakaweka fremu ya sentimita 90, na bawaba zikahamishwa ili mlango ufungukie nje. Binti aliingia na kiti chake, akageuka, akafunga komeo, na sisi tuliokuwa koridoni tukasikia maji yakianza kumwagika. Kizingiti bado kilikuwepo, kimo cha vidole vinne. Fundi aliahidi kurudi Jumamosi kukichonga.